Maneno ya Mshazari

Jakarta, 2 Agosti

Kwa ukoo wote wa Koto, walio nyumbani na walio ugenini, wakubwa kwa wadogo, pamoja na bata wa mama yako: simameni kwa heshima. Inatangazwa rasmi kwamba mimi, Zulkarnaini, mpishi mwana wa mpishi, nimepigwa marufuku pilipili. Daktari amesema, mke wangu amepitisha, na rufaa haipo. Tangu Jumatatu nimesimama katikati ya mkahawa wangu mwenyewe, sahani kumi zimepangwa mkononi, zote nyekundu, nami nakwenda nyuma kula tango. Wateja wamenipa pole kama nimefiwa.

Baada ya msiba huo, assalamu alaikum, mpwa wangu Wirda. Hujambo? Mama hajambo? Bata wanataga? Dada yako Melda naye mzima, au bado anacheka peke yake akifua nguo?

Nakuandikia kwa karatasi, kupitia dereva wa basi, kwa sababu simu yako mama yako anaisoma, na kile kikundi cha ukoo kwenye simu ni soko: unanong'ona Payakumbuh, unajibiwa na shangazi wa Pekanbaru. Nataka habari zako wewe, kutoka mdomoni mwako. Nasikia shule yenu inaenda kucheza randai, ule mchezo wetu wa ngoma na hadithi, huko Batusangkar mwezi wa kumi. Mjomba wako aliwahi kucheza katika mduara ule. Nilipiga makofi ile suruali pana ya mchezo mpaka ikachanika, na watu wakasema hicho ndicho kipande bora cha onyesho. Wewe umesimama wapi kwenye mduara?

Msalimie rafiki yako Zilfa, yule mwembamba. Mwambie bado nakumbuka alivyomaliza kichwa chote cha samaki bila kuniachia hata jicho.

Wako mla matango,
Mjomba

*

Payakumbuh, 9 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Waalaikumu salamu. Pole sana kwa pilipili. Nilimsomea Melda akacheka hadi akakaa chini. Sisi wazima, mama mzima, bata wanataga lakini wanaficha mayai. Siku hizi kila mtu nyumbani hapa anaficha kitu.

Salamu zako kwa Zilfa sijazifikisha. Nisikilize kwanza, halafu uniambie kama nina wazimu.

Unamjua Zilfa. Tangu darasa la kwanza anaingilia mlango wa jikoni bila kupiga hodi, anafunua sufuria, ananiita Bata, namwita Sindano. Tunakula sahani moja. Sasa Mjomba, yapata mwezi mzima amekuwa mtu mwingine. Anakuja kwa mlango wa mbele! Anakaa kwenye mkeka amekunja miguu upande mmoja kama bibi harusi. Juzi tulinunua vitafunwa sokoni, nikamsogezea sahani, akaomba ya kwake. Nikamwambia, "We Sindano, umepata ugonjwa?" Unajua alinijibu nini? Alisema, "Ndugu asijali, kama ndugu ametosheka nasi tumetosheka."

Ndugu! Kama tuko mkutanoni. Na "nasi" ni nani, alikuwa peke yake!

Jina langu halitamki tena. Nikisema jambo la kijinga hanitukani. Mara mbili nimemkuta jikoni na mama wananong'ona, nikiingia wanaanza kuzungumzia bei ya vitunguu.

Sasa nikwambie siri, na usiitie kwenye kikundi. Kwenye mduara mimi nacheza nyuma kabisa. Lakini Mwalimu Yusnidar anatafuta mtu wa kupiga ukelele, yule anayetoa "Hep! Ta!" ili wote waruke na kupiga suruali kwa pamoja. Miaka yote wamekuwa wavulana. Mimi naitaka kazi hiyo. Unaijua sauti yangu, Mjomba, nikipokea simu watu husema "samahani, bwana." Nimekuwa nikiongea chini chini tangu nipate akili ili nisisikike. Zilfa ndiye aliyeniambia, mwaka jana, "Hiyo si sauti mbaya, Bata, haijapata kazi tu." Tangu hapo nafanya mazoezi shambani, bata wananitazama. Ni yeye peke yake anayejua. Yeye ndiye mwimbaji wetu, na mwimbaji akitaka neno lake lisikike kwa mwalimu, linasikika.

Wiki iliyopita nilimwona anatoka nyumbani kwa Mwalimu Yusnidar. Nilipomuuliza akasema, "Kulikuwa na jambo dogo lisilostahili kumchosha ndugu."

Mama angesikia nataka kupiga ukelele mbele ya wanaume wa Batusangkar angezimia. Na Zilfa ananong'ona na mama. Jumlisha mwenyewe.

Wako,
Mpwa, Wirda

*

Jakarta, 16 Agosti

Assalamu alaikum, mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mwenye hamu ya kula na mwenye kuziba masikio kidogo. Mimi sijambo. Tango la leo lilikuwa tamu kuliko la jana, au ndivyo nilivyojidanganya.

Kuhusu wazimu: huna, ni macho tu unayo mengi. Umerithi kwangu. Nikiona mteja anamnong'oneza mwenzake najua wanasema nyama imekauka, kumbe mmoja anamwambia mwenziwe ana mchicha kwenye meno.

Watu wana sababu zao za kubadilika, Wirda. Wengine hubadilika kwa sababu ya mvua, wengine kwa sababu ya umri. Wewe mvumilie Zilfa. Usimuulize sana. Usimchokoze. Subira huvuta heri. Mimi nikisubiri huwa navuta na kiti kabisa. Ngoja mwezi wa tisa uingie, na bila shaka <s>mambo yakishawekwa</s> utaona mwenyewe mambo ni madogo.

Na hiyo kazi ya ukelele, ichukue. Mama yako niachie mimi. Nimeogopa mengi katika maisha haya, mama yako akiwa wa kwanza, lakini mimi ndiye kaka yake na lazima siku moja nifaidi cheo.

Melda hajambo? Mwambie ale vizuri.

Wako,
Mjomba

*

Payakumbuh, 27 Agosti

Shikamoo Mjomba.

Sisi wazima.

Nimeishika barua yako juani. Umekata maneno ukadhani sitayasoma. "Mambo yakishawekwa." Mambo gani? Yawekwe wapi? Na kwa nini katika kila barua unamuulizia Melda kama ndiye mgonjwa? Kwa hiyo na wewe umo. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwamini aliyeko mbali, kumbe naye yuko jikoni na hao wengine.

Basi nikaamua kutega mtego. Nilimwambia Zilfa peke yake, uwanjani, hakuna mtu, kwamba nimechoka na nitapanda basi nitoroke kwako Jakarta. Uongo mtupu. Kesho yake alfajiri mama amekaa juu ya begi langu anasoma Yasini. Najua alikupigia simu, nilisikia anakufokea, "Unamfundisha mtoto kutoroka?" Pole kwa hilo. Lakini nimeshapata ushahidi. Nikimwambia Zilfa, mama anajua.

Kwa hiyo jana kwenye mazoezi nilimaliza kazi.

Mduara mzima ulikuwepo. Nilimwambia, "Wewe ni mnafiki. Unakula kwetu, unaniuza kwa mama." Kwa sauti yangu yote, Mjomba, ile ya shambani. Mpaka watoto waliokuwa nje ya uzio wakanyamaza. Yeye akasimama kama mti, akasema, "Kama kuna tulipokosea, ndugu atuwie radhi." Ndugu tena! Mbele ya watu! Laiti angenitukana. Nilitaka anitukane hata neno moja.

Ndipo nikafanya jambo jingine. Zilfa hana kigugumizi akiimba, lakini akiogopa akiongea kinamshika. Alikificha miaka yote, na mimi ndiye nilikuwa namalizia maneno yake darasani ili watu wasigundue. Nilimuiga. Nikasema, "N-n-ndugu a-a-atuwie." Watu wakacheka. Walicheka sana.

Akachukua mkoba wake akaenda.

Mwalimu Yusnidar aliendelea kupanga mduara. Baada ya mazoezi akanishika bega akaniambia, "Kazi ya ukelele ni yako. Nilikuwa sijajua una sauti hiyo." Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimekipata jana hiyo hiyo, na tangu hapo chakula hakipiti.

Sasa niambie mambo gani yanawekwa.

Wirda

*

Jakarta, 2 Septemba

Assalamu alaikum, mpwa wangu,

Uzima ninao, utani leo sina.

Dada yako Melda amepata mchumba. Ni Hendri, kaka yake Zilfa, yule fundi pikipiki anayeona haya hata kumtazama paka. Wao wamependana wenyewe, na kwa kuwa kwetu upande wa kike ndio unaoposa, mimi kama mjomba ndiye niliyepeleka posa, kwa simu na kwa kumtuma Mjomba Mkubwa. Jumapili ya kati ya mwezi huu tunakuja kubadilishana amana, kisu chetu na kitambaa chao. Mpaka siku hiyo nilitaka mdomo wa kila mtu ufungwe. Unajua kwa nini. Mara ile ya kwanza Melda alipochumbiwa habari zilienea kabla ya amana, upande wa kiume ukarudi nyuma, na Melda akakaa miezi hatoki nje. Niliambia wachache. Wewe sikukuambia kwa sababu mdomo wako hauna kifuniko, na mimi ndiye niliyekurithisha.

Zilfa aliambiwa, maana ni dada wa mwanamume. Na mjomba wake akamkalisha chini, kama mimi nilivyopaswa kukukalisha wewe, akamfundisha maneno. Wewe ulifundishwa shuleni ukayaandika kwenye mtihani: maneno ya kupanda kwa wakubwa, ya kushuka kwa wadogo, ya tambarare kwa marafiki, na ya mshazari kwa wakwe na mashemeji. Hayo ya mwisho hayamgongi mtu usoni, hayamtaji jina, na wanaoambiana hawali sahani moja. Ukiwa mkwe unaongea kwa kuzunguka, ili hata ukikosea, neno lipite pembeni.

Mtoto yule hakukutenga. Alikuwa anakupandisha cheo. Ni kwamba hakuruhusiwa kukuambia cheo chenyewe.

Nyumbani kwa mwalimu alikwenda kuomba abadilishwe nafasi kwenye mduara, kwa sababu mlikuwa mnakabiliana na kurushiana mateke, na si adabu kumrushia teke mkwe. Mama yako ndiye aliyenieleza, amecheka hadi machozi. Hakuwa anajua bado ulichomfanyia Zilfa mazoezini. Nami sijamwambia.

Na mtego wako ulimnasa kwa sababu aliogopa utatoroka kweli.

Sasa fanya hivi. Chukua boksi la tambuu, vaa vizuri, nenda kwao kwa mlango wa mbele. Kaa umekunja miguu. Sema hivi: "Majani tumeyachuma tukiwa na haraka, yakachanika, mwenye nyumba asiyatupe." Usimtaje jina. Usijieleze. Wazee wataelewa na Zilfa ataelewa. Habari ya mazoezini ikisikika kwa wajomba wake kabla hujaenda, amana haitabadilishwa, na nitakuwa nimemvunja Melda mara mbili.

Kula chakula.

Mjomba wako,
Zulkarnaini

*

Jakarta, 20 Septemba

Kwa wote wenye mashaka na akili za wapishi: inatangazwa kwamba amana zimebadilishwa, kisu kimetoka, kitambaa kimeingia, na Mjomba Zulkarnaini hakuangusha hata kikombe!

Assalamu alaikum mpwa wangu, mwanadiplomasia wangu. Basi lilinifikisha salama, mgongo tu ndio bado uko njiani.

Hatukupata nafasi ya kuongea, wazee walinizunguka kama nzi. Lakini nilikuona. Ulikuwa umekaa mkekani bega kwa bega na Zilfa, mmekunja miguu upande mmoja, mnapokezana tambuu, na alipokuambia, "Ndugu asogee kidogo apate kivuli," nilikukonyeza. Uliona? Nilitaka kupiga makofi. Mjomba wa upande wao alininong'oneza, "Mpwa wako amefunzwa." Nikasema, "Kidogo kidogo," na kifua kikanijaa kama mkate wa hamira.

Si nilikuambia? Majani yaliyochanika! Nilipata sentensi ile nikiwa namenya tango.

Batusangkar ikishapita, andika unieleze ilikuwaje. Melda namsikia hewani anaimba kwenye simu ya mama yako, afadhali angeendelea kucheka.

Wako mshindi,
Mjomba

*

Payakumbuh, 8 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Waalaikumu salamu. Natumaini mgongo umeshafika. Mama hajambo, Melda hajambo, bata wameacha kuficha mayai au tumejifunza kutafuta.

Nilikuona ukinikonyeza. Nikakuonea huruma, ndiyo maana sikukuandikia mapema. Ulidhani yameisha. Sasa nakuambia kweli jinsi yalivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, na usinikatize.

Nilikwenda kwao kama ulivyosema. Nilivaa vazi la heshima la Melda, lile la kijani. Walikuwepo bibi yake, mama yake na mjomba wake. Nilisema majani yako yaliyochanika bila kukosea hata herufi. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zilfa akajibu, "Jani likichanika bado linafunika chungu." Mjomba wake akasema "Alaa!" kama mtu aliyeonja mchuzi mzuri. Nikasema nyingine. Akajibu nyingine. Tukazunguka hivyo mpaka chai ikapoa. Wazee walifurahi kweli, wakaanza kutusifu mbele yetu. Na mimi nilikuwa namtazama usoni nikaona hakuna kitu. Palikuwa kama dukani baada ya kufungwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nilichomfanyia, Mjomba. Kwao alisema haendi mazoezini kwa sababu ya tumbo. Kwa hiyo wazee walidhani tunazungumzia ile safari ya uongo ya Jakarta, na wakanisamehe kosa ambalo si lenyewe.

Siku ya amana ulipotuona bega kwa bega, tulikuwa hatujasemezana neno la kweli. Kwenye ule mkeka mama yake ndiye aliyetupanga hivyo.

Baada ya wewe kuondoka, alikuja kurudisha sinia zetu. Alikuja mlango wa mbele. Nikamsindikiza hadi kwenye bwawa la bata, nikamwambia, "Nimechoka na majani."

Akasema, "Kama ndugu amechoka..."

Nikamwambia, "Zilfa. Nilikuiga kigugumizi chako mbele ya watu wote. Nilitaka wacheke, na walipocheka nilifurahi. Kama dakika hivi nilifurahi. Sikuchuma majani kwa haraka. Nilikusudia."

Kisha akaniuliza, na hapo kikamshika, "K-kwa nini hukuniuliza tu?"

Nikamwambia, "Kwa nini hukuniambia tu?"

Akasema, "Niliapishwa. Wewe nani alikuapisha usiulize?"

Nilianza kulia, na wewe unajua nikilia ninavyosikika, mbwa wa jirani akabweka. Hakucheka. Nilidhani atacheka. Alisema, "Kila siku nilitaka kukuita Bata. Nilikuwa nafika mlangoni kwenu nalimeza. Halafu wewe ndiye ukani..." na neno likakwama. Zamani ningemmalizia. Safari hii nilikaa. Ilichukua muda. Mwisho akalitoa, "...ukanivua nguo." Akaenda zake.

Ndiyo hali tuliyokwenda nayo Batusangkar.

Sikujua kama atakuja. Mwalimu Yusnidar alikuwa ameshamwandaa mwimbaji mwingine. Zilfa alifika kituoni wa mwisho, akakaa mbele kabisa karibu na dereva, mbali nami. Uwanja ulikuwa umejaa, na nilipotoka katikati, msichana, baadhi ya wanaume walipiga miluzi. Nikatoa ya kwanza. Hep! Mjomba, mduara mzima uliruka kama mtu mmoja. Miluzi ikakatika. Hilo ulitaka kulisikia na nimekuambia. Mama hakuzimia, alikuwa anamwonyesha kila aliyekaa karibu kwamba yule ni wake.

Halafu ikafika zamu ya Zilfa. Kabla ya wimbo kuna mistari ya kusemwa, si ya kuimbwa, ya kuwaomba radhi wenyeji. Alisimama. Akaanza, "W-w-we..." Kikamshika. Mbele ya Batusangkar nzima. Wenzetu kwenye mduara walikuwa wamechuchumaa, mapaja yanatetemeka, wananitazama mimi. Kwa kanuni, mwimbaji akikosea, mpiga ukelele anatoa ishara, mduara unaanza, kosa linafunikwa. Mwalimu naye alikuwa ananifanyia ishara kwa mkono: toa, toa! Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Nikaufunga.

Nilidhani kazi ile ni kupiga kelele. Kumbe robo tu ndiyo kelele. Wote wanakutazama wewe, na usipotoa sauti hakuna anayethubutu kusogea, hata mpiga ngoma, hata wanaotaka kucheka. Niliwashika hivyo. Sijui kwa muda gani. Zilfa alinitazama mara moja, akaona sijaufungua mdomo, akavuta pumzi, akaanza upya. "Wenyeji wetu." Akasema mistari yote mpaka mwisho, akikwama mara mbili tatu, na kila alipokwama nilingoja. Alipomaliza ndipo nikatoa Hep!

Tulishika nafasi ya nne. Mwalimu alisema ni kwa sababu ya ule ukimya. Nilimwambia samahani, lakini sikumaanisha.

Hatujarudi kuwa kama zamani. Hilo ndilo nililotaka ujue, usije ukatangaza kitu kwenye mkahawa. Haji kwa mlango wa jikoni. Lakini tulipokuwa tunapanda basi kurudi, nilikuwa mlangoni, akasema, "Ndugu atangulie."

Zamani ningekwenda nalo nyumbani neno hilo, nilishike juani nilitazame. Nikageuka nikamuuliza, "Hiyo ndugu ni ya adabu au ya hasira?"

Akafikiri. Akasema, "Zote mbili. Panda, watu wanangoja."

Mpwa wako,
Wirda